Kujisemesha Si Kuungama: Uzungumzi Nafsi katika Tanzia

Katika Julius Caesar ya Shakespeare, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, Brutus yuko bustanini kwake, hana usingizi. Amemtuma kijana wake, Lucius, akamwashie taa chumbani. Kijana akishaondoka tu, neno la kwanza linalomtoka Brutus ni kwamba sharti Kaizari afe. Hukumu imetangulia, ushahidi unafuata nyuma. Kwa mistari 25 hivi anahangaika kuutafuta. Yeye binafsi hana kisa na Kaizari. Kaizari anataka kuvikwa taji, na taji huenda likambadilisha. Ila, kusema kweli, hajawahi kumwona akiongozwa na hisia kuliko akili. Angeweza kukomea hapo na kurudi kulala. Badala yake anasema kwamba, kwa kuwa Kaizari kama alivyo leo hashitakiki, shauri lipewe sura nyingine: achukuliwe kama yai la nyoka, lipasuliwe kabla halijaanguliwa.

Hapo ndipo pa kutia kidole. Mtu ambaye Roma nzima inamwamini kwa uadilifu ametoka kukiri kwamba mashitaka yake hayana msingi, na pumzi hiyo hiyo anayashona upya yapate kuvalika. Cassius, mwenye njama ya kumuua Kaizari, hayupo kumshawishi. Anayemshawishi Brutus ni Brutus.

Wengi tumefundishwa kwamba mhusika akibaki peke yake jukwaani husema ukweli mtupu, kwani hana wa kumdanganya. Anaye: nafsi yake. Ndiyo maana napinga ile desturi ya kuuita usemi huo wa upweke, yaani uzungumzi nafsi, “dirisha la moyo” kisha kunukuu chochote kilichosemwa humo kama ungamo. Tabia ya mhusika haimo sana katika anayoyatangaza juu yake mwenyewe. Imo katika mwendo wa fikra: inaporuka, inaposita, inapozunguka neno bila kulitaja, inapofikia hitimisho ambalo hoja zake hazikulibeba. Shakespeare alilijua hilo vizuri, na wasomaji wa Kiswahili wameweza kulifuatilia kwa lugha yao tangu mwaka 1963, Julius Nyerere alipotoa tafsiri yake ya tamthilia hiyo, ambayo aliipitia upya mwaka 1969.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu vinavyochanganywa mara kwa mara. Monologia ni usemi wowote mrefu wa mhusika mmoja, hata kama jukwaa limejaa watu. Hotuba ya Antonio mbele ya maiti ya Kaizari ni monologia, na hakuna usiri wowote ndani yake. Usemi wa kando ni maneno machache yanayotupwa katikati ya mazungumzo, hadhira inayasikia na wahusika wengine hawayasikii. Uzungumzi nafsi ni pale mhusika anapokuwa peke yake, au anapoamini yuko peke yake, akifikiri kwa sauti. Neno la Kilatini lililozaa istilahi hii katika lugha za Ulaya, soliloquia, ni la Augustino, mwanafalsafa Mkristo na mwana wa Afrika Kaskazini, aliyelitumia kama jina la kitabu alichokiandika mwaka 386 hadi 387, na mwenyewe akakiri kwamba ni neno jipya na pengine gumu masikioni. Kitabu chenyewe ni mazungumzo: Augustino anahojiana na Akili yake. Tangu kuzaliwa kwake, basi, neno hili lilikuwa na sauti mbili ndani yake. Anayesoma Kiswahili hatashangaa. Mtunzi wa Al-Inkishafi alikwisha kuukalisha moyo wake chini na kuuhoji, ubeti kwa ubeti, kwa nini unaihadaikia dunia.

Ile sehemu ya “anapoamini yuko peke yake” ina uzito kuliko inavyoonekana. Kabla ya kusoma mstari wa kwanza, hesabu watu waliopo jukwaani. Hamlet anapojiuliza juu ya kuwa na kutokuwa, katika Tendo la 3, Onyesho la 1, Ophelia yuko pale pale, na nyuma ya pazia wamejificha mfalme Claudius na mshauri wake Polonius. Othello anapoinama juu ya mkewe Desdemona kabla ya kumuua, Desdemona yupo kitandani, amelala. Macbeth anapozilalamikia kesho zinazofuatana kwa mwendo wa kutambaa, Seyton ndiyo kwanza amemletea habari ya kifo cha mkewe na hajaondoka. Katika tanzia za Kigiriki tatizo ni kubwa zaidi, maana kwaya, lile kundi linaloimba na kutoa maoni juu ya matukio, ikishaingia kwa kawaida haitoki hadi mwisho. Medea, katika tamthilia ya Euripides ya mwaka 431 KK, anavutana na nafsi yake juu ya kuwaua wanawe huku kwaya ya wanawake wa Korintho ikimsikia. Mhusika mwenye mashahidi hasemi kwa namna ile ile anayosema asiye na shahidi, na mwongozaji asiyeamua mapema kama Hamlet anajua anasikilizwa atampa mwigizaji wake kazi isiyowezekana.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Macbeth, Tendo la 1, Onyesho la 7, mistari 28. Ukumbini watu wanakula, mgeni wa heshima ni mfalme Duncan, na mwenyeji, Macbeth, anayewaza kumuua mgeni huyo ili atawale yeye, ameinuka mezani akatoka. Anaanza hivi kwa maana: kama likishafanyika litakuwa limekwisha kabisa, basi ni heri lifanyike upesi.

Li- ni nini hiyo? Kwa Kiingereza Macbeth ana kiwakilishi kisicho na sura, na kitenzi cha kutenda kinarudi mara tatu kabla mauaji hayajatajwa kwa jina. Kiswahili hakimwachii mfasiri kichaka hicho bure, kwa kuwa ngeli hutoboa siri. Ukiandika “yakifanyika”, sikio linasikia mauaji. Ukiandika “ikifanyika”, linasikia kazi, kama ya fundi. “Likifanyika” ndilo linalomhifadhi, kwa kuwa jambo laweza kuwa lolote. Mfasiri aliyechagua ya- katika mstari wa kwanza amemfanya Macbeth jasiri kuliko alivyo. Silabi moja imebadilisha tabia ya mtu.

Endelea sasa na mpangilio wa hoja zake. Ya kwanza ni ya mkokotozi: angekuwa tayari kuhatarisha maisha ya baadaye kama hapa duniani pangekuwa salama, lakini damu hufundisha wengine kumwaga damu, na kikombe chenye sumu humrudia aliyekitia. Ya pili ni ya sheria: Duncan ni jamaa yake, ni mfalme wake, na ni mgeni wake; mwenyeji hufunga mlango dhidi ya muuaji, hashiki kisu. Mpaka hapo sentensi zina utulivu. Ya tatu inapasuka. Wema wa Duncan utapiga kelele kama malaika wenye tarumbeta, na huruma, kama kichanga uchi kilichopanda upepo, itapuliza tendo hilo katika kila jicho mpaka machozi yazamishe upepo wenyewe. Hakuna wakili angeitoa hoja ya namna hiyo. Dhamiri ya Macbeth haikai katika sababu zake. Inakaa katika picha anazoziona bila kutaka, na ndizo zitakazomtesa tamthilia nzima: jambia hewani, sauti inayolia kwamba hatalala tena, mzimu wa Banquo, rafiki aliyeamuru auawe, kitini.

Mwisho anakiri kwamba hana kichocheo chochote isipokuwa tamaa ya makuu, ile inayoruka kupanda farasi na kuangukia upande wa pili. Sentensi haimaliziki. Mkewe ameingia.

Kuna hatua moja hapa ambayo wachambuzi wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote: linganisha alichojiambia mhusika na anachomwambia mtu wa kwanza anayeingia. Macbeth anamwambia mkewe hawataendelea na shughuli hii. Sababu gani? Kwamba mfalme amempa heshima juzi juzi na watu wote wanamsifu, sifa ambazo ni vyema azivae zingali mpya. Hamtajii malaika wala kichanga, wala hasemi kwamba yeye ni mwenyeji. Hoja zote nzito zimeachwa nje ya mlango, akachukua nyepesi kuliko zote, ambayo mke anaibomoa kwa dakika chache. Ukisoma mistari 28 peke yake unapata mtu mwenye dhamiri. Ukiongeza mitano inayofuata unampata mtu asiyethubutu kuitamka dhamiri hiyo mbele ya ampendaye.

Hivyo ndivyo ninavyoshauri kila uzungumzi nafsi usomwe, kalamu mkononi. Anza mistari kumi kabla, maliza mistari kumi baada. Piga mstari chini ya kila “lakini”, “basi”, “au” na kila alama ya kuuliza. Hizo ndizo kona, na usemi usio na kona hata moja huenda ni taarifa tu iliyovalishwa joho. Zungushia viambishi vya nafsi. Ni- inapogeuka kuwa u-, mhusika ameanza kujikaripia kana kwamba ni mtu mwingine; inapogeuka kuwa tu-, anatafuta wa kugawana naye lawama. Usemi wa Hamlet wa kuwa na kutokuwa, kutoka mwanzo hadi anaposema kwamba mipango mikubwa hupoteza jina la vitendo, hauna “mimi” hata mara moja. Mtu anayejadili kifo kwa upana huo hajitaji, na kitenzi-jina cha Kiswahili, chenye ku- isiyo na mwenyewe, kinaubeba uficho huo vizuri ajabu. Kisha tazama usemi unakomaje: umekatizwa na mtu kuingia, umefungwa kwa vina viwili vya uamuzi, au umefifia tu.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kugeuza usemi kuwa orodha ya sifa. “Mwoga, mwenye tamaa, mwenye mashaka.” Sifa tatu, mistari mitatu ya ushahidi, kazi imekwisha. Orodha ya namna hiyo huua kile kile kinachofanya tanzia iwe tanzia, yaani kwamba mhusika angeweza kwenda njia nyingine na sisi tulimwona akiwa njiapanda. Kosa la pili ni kumpa mwandishi maneno ya mhusika. Edmund, katika King Lear, anaiita maumbile mungu wake na kuicheka sheria inayomwita mwana haramu. Anafanya hivyo kwa sababu anataka ardhi ya kaka yake Edgar, na si kwa sababu mwandishi anatufundisha falsafa.

Kosa la tatu, kumwamini msemaji, linahitaji mfano wake, na hakuna mfano unaomzidi Iago, askari anayemwangamiza jemadari wake Othello. Katika onyesho la kwanza la Othello anamwambia Roderigo, bwana anayemlaghai fedha zake, kwamba anamchukia Othello kwa kuwa cheo alichokitaka amepewa Cassio. Akibaki peke yake mwishoni mwa Tendo la 1, anataja sababu nyingine: kuna uvumi kwamba Othello amelala na mke wa Iago. Anaongeza kwamba hajui kama ni kweli, lakini atatenda kama vile ana hakika. Katika Tendo la 2 anasema yeye pia anampenda Desdemona, na kabla hajanyamaza anamshuku Cassio naye kwa habari ya mkewe. Sababu zinaongezeka badala ya kukaza. Mwenye sababu moja ya kweli hahitaji nne. Chuki ilikuwepo kwanza, na kila anapotushika sikio anaitafutia nguo. Msomaji anayechagua sababu moja kati ya hizo na kuiita “kiini cha Iago” amenaswa kama Roderigo.

Kunasa hadhira ni kazi nyingine ya uzungumzi nafsi ambayo haizungumzwi vya kutosha. Anayetuambia siri hutufanya washirika. Tunajua atakachofanya Iago kabla Othello hajajua, na hatuwezi kupiga kelele. Ujuzi huo usio na msaada ndio unaotubana kooni. Onyesho linaloutumia kwa ukali zaidi ni lile la sala ya Claudius, Tendo la 3, Onyesho la 3 la Hamlet. Claudius anapiga magoti akijiuliza kama mtu anaweza kusamehewa huku bado amekalia alichokiiba: taji na mke wa ndugu aliyemuua, yaani baba yake Hamlet. Hamlet, anayetakiwa kulipiza kisasi, anaingia nyuma yake, anachomoa upanga, anausemesha moyo wake, anaurudisha upanga alani: akimuua katika sala atampeleka mbinguni. Anatoka. Ndipo Claudius anapoinuka na kusema kwamba maneno yake yamepaa, mawazo yamebaki chini. Hakuwa amesali. Kila mmoja amejisemesha hatua chache kutoka kwa mwenzake, hakuna aliyemsikia mwingine, na sisi tuliosikia wote wawili ndio pekee tunaojua kwamba fursa ilikuwa halali kwa vigezo vya Hamlet mwenyewe.

Tabia huonekana pia katika kuadimika kwa usemi huu. Hamlet kwa hesabu ya kawaida ana saba. Wa mwisho, ule wa Tendo la 4 anapoliona jeshi la Fortinbras, mwana mfalme wa Norwei, likipita, umo katika chapa ya 1604 na 1605 lakini haumo katika mkusanyo mkubwa wa tamthilia za Shakespeare wa 1623, kwa hiyo kuna Hamlet wawili: mmoja anajilaumu tena kabla ya kusafiri, mwingine anaondoka kimya. Vyovyote vile, akirudi kutoka baharini hajisemeshi tena. Anazungumza na rafiki yake Horatio, na anasema kuwa tayari ndiko kila kitu. Kwa Macbeth ukimya una maana iliyo kinyume. Katika Tendo la 4 anaapa kwamba kuanzia sasa kinachozaliwa moyoni kitazaliwa papo hapo mkononi, kisha anatuma watu wakaue mke na watoto wa Macduff. Ule uwanja wa mistari 28 ambamo aliwahi kusitasita ameufunga mwenyewe. Lear, kwa upande wake, hana uzungumzi nafsi wowote wa kweli. Anazipigia radi na tufani kelele, lakini Juha, mchekeshaji wake, yuko kando yake. Mfalme aliyezoea kusikilizwa hajui kufikiri bila masikio ya watu.

Kwa anayeuigiza: mistari 15 hadi 20 kwa dakika ni mwendo wa kawaida, kwa hiyo Macbeth ana dakika moja na nusu hadi mbili tu. Mwigizaji akianza na machozi mstari wa kwanza hana pa kupanda. Aanze na swali, kwa sauti ya mtu anayetafuta ufunguo. Kuna wasikilizaji watatu wa kuchagua: nafsi yake, hadhira, au kitu kisichojibu kama usiku, jambia, au Mungu. Achague mmoja kwa kila kipande na abadilishe kwenye kona tu. Macho yanayohama kila mstari huonyesha mtu aliyesahau maneno. Pumzi ivutwe mwisho wa wazo, si mwisho wa mstari. Zoezi linalosaidia ni kutembea huku ukisema na kugeuka kila penye kituo: Brutus atatembea kwa utulivu kisha aanze kuzunguka kama kuku, na mwili utakuwa umeelewa kabla ya kichwa. Jingine ni kugawa usemi kwa watu wawili, mmoja wa “fanya” na mmoja wa “acha”, wabishane kwelikweli, kisha mmoja aubebe peke yake akiwa na sauti zote mbili.

Kwa anayeandika, hatari kubwa ni kuutumia kama ubao wa matangazo: “Leo ni miaka kumi tangu baba afariki, na ndugu yangu aliyenidhulumu anarudi jioni.” Hakuna mtu anayejisimulia anayoyajua. Ajisemeshe lile ambalo hajalipatia jibu. Mistari 12 hadi 20 inatosha, mradi aliyeingia na aliyetoka wasiwe mtu yule yule. Kiswahili kina vifaa vya kutosha: wanaotenganisha -nge- na -ngali- wana mlango ulio wazi katika “ningemwambia” na mlango uliofungwa katika “ningalimwambia”, na mhusika anayeteleza kutoka wa kwanza hadi wa pili katikati ya sentensi ametuonyesha amekata tamaa bila kusema hivyo. Kama unaogopa kwamba kujisemesha si jambo la kawaida, mwandishi Mswidi Strindberg alikwisha kulijibu hilo mwaka 1888 katika dibaji ya Miss Julie: mpe mhusika sababu. Mtumishi huongea na paka, mama huongea na kichanga, mtu hurudiarudia hotuba yake peke yake, na aliyelala huota kwa sauti. Lady Macbeth alifanya hilo la mwisho zamani: anatembea usingizini, anasugua mikono, daktari na mjakazi wanasikiliza. Aliyewahi kuita giza limfunike sasa ameagiza mwanga uwe kando yake usiku kucha.

Christopher Marlowe alifanya jambo la kijasiri zaidi na saa. Mwishoni mwa Doctor Faustus saa inagonga kumi na moja ya usiku kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa tano, na Faustus, aliyemuuzia shetani roho yake, ana saa moja ya kuishi. Saa hiyo nzima inakwisha kwa mistari 60 hivi, yaani dakika tatu au nne. Anaziamuru nyota zisimame. Anataka awe tone la maji lipotelee baharini. Anapunguza hesabu ya adhabu: miaka elfu, basi laki, ilimradi iwe na mwisho. Hadhira inahisi dakika zikifyonzwa, kwa sababu kweli zinafyonzwa.

Na Iago, aliyetuambia kila kitu? Anakamatwa, Othello anataka kujua kwa nini. Anajibu kwamba wanachokijua wanakijua, na tangu sasa hatasema neno. Anabaki jukwaani hadi mwisho, jeraha likitoka damu, mdomo umefungwa, nasi tunabaki na sababu nne mkononi, hata moja haitoshi.